Amandina Lihamba na Kimya cha Bibi Harusi



Kuna suali tunaloulizwa karibu kila msimu wa harusi, na haliulizwi mbele za watu. Huja jioni, singo imeshamalizika, mwari kashatiwa hina na hawezi kushika kitu, ndipo mama yake au shangazi yake anasogea na kutunong'oneza: "Huyu mtoto anapenda maigizo. Akishaolewa si ataacha?" Wengine hata hawaulizi. Wanataka tumwambie mwari aache kabla mume hajasikia.

Kazi ya uigizaji ina jina baya majumbani mwetu, na hatusemi kwamba jina hilo limezuka hivi hivi. Zipo filamu ambazo mzazi hawezi kukaa na wanawe akazitazama. Wapo wasichana waliotakiwa kuvua hiki na kile ndipo wapewe nafasi. Mwenye kuogopa ana sababu ya kuogopa. Lakini yupo pia mwanamke wa nchi hii aliyeifanya kazi hiyo hiyo kwa miongo mingi, jukwaani na kwenye filamu, akawa profesa wa chuo kikuu, na kazi zake zikawafungua midomo watoto wa kike wengi. Jina lake ni Amandina Lihamba. Hatumleti hapa kama mwalimu wa dini, maana dini tuna wa kuwauliza. Tunamleta kwa sababu maisha yake ya kazi yametusaidia kulijibu suali lile, na yametusaidia siku ambayo posa ya mtoto wa watu ilikuwa mikononi mwetu.

Tujieleze kidogo kwanza. Sisi ni dada watatu, wazaliwa wa Unguja, na waume zetu ndio waliotuleta Songea: mmoja kwa biashara ya mahindi, mmoja kwa ualimu, mmoja kwa kazi ya hospitali. Kutoka Dar es Salaam mpaka huku ni safari ya karibu kilomita 1,000, unapita Iringa na Njombe, na ukishuka basi mwezi wa Juni baridi inakupokea kabla ya mwenyeji. Liwa, udi na asumini kavu tunaletewa kwa vifurushi vya basi. Tulianza kwa kumpamba binti mmoja wa jirani, kisha mwingine, na leo Waislamu wengi wa mtaani kwetu, watu wenye asili ya hapa na wenye asili ya Tunduru, wakiwa na mwari wanatuita tuwe masomo wake. Usomo tuliurithi kwa mama yetu, na yeye alikuwa akisema kazi ya somo ni masikio kwanza, mdomo baadaye.

Jambo la kwanza tunalowakumbusha watu wa huku ni kwamba nyota wa mwanzo wa filamu za Kiswahili Tanganyika alikuwa mtu wa kwao. Mzee Rashid Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 Matimila, wilaya ya Songea, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu, filamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye akawa Waziri Mkuu, akaitwa Simba wa Vita, na leo hapa Songea yapo makumbusho yenye jina lake. Hatujawahi kumsikia mtu akisema kwamba kuigiza kulimvunjia Mzee Kawawa heshima. Tukiuliza kwa nini basi binti akiigiza heshima inaondoka, wazee hucheka, wakakaa kimya, kisha wakasema, "Mwanamke ni mwanamke bwana."

Kauli hiyo si ya Songea peke yake. Mama zetu Unguja walikuwa wakienda Majestic na Empire kutazama filamu za Kihindi, yakiwapo na maonyesho maalumu ya wanawake watupu, na waliotazama Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 wanamkumbuka yule malkia, mama wa Salim. Aliyeigiza ni Durga Khote, mwanamke wa Kimarathi. Alipoingia kwenye filamu miaka ya mwanzo ya 1930, mtoto wa familia yenye jina, watu walishangaa, kwani kazi ile ilihesabiwa kuwa si ya wanawake wa majumba ya heshima, na kwenye majukwaa ya Kimarathi nafasi za wanawake zilikuwa zimezoeleka kuigizwa na wanaume. Alifiwa na mume angali kijana, ana watoto wawili wa kiume wa kulea. Aliigiza Ayodhyecha Raja mwaka 1932, akaendelea kwenye filamu na jukwaani kwa miaka mingi, na mwaka 1983 India ikampa tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika filamu zao. Na kwetu wenyewe, Siti binti Saad wa Fumba alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, maneno yalisemwa pia. Leo jina lake tunalitaja kwa fahari.

Sasa tumtazame Bi Lihamba. Alizaliwa mwaka 1944, Morogoro. Alisoma, akafundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mkuu wa idara na kisha mkuu wa kitivo. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na utafiti wake ulihusu siasa na maigizo ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha, kuanzia 1967 mpaka 1984. Haya tunayataja makusudi, kwa sababu shangazi wengi wakisikia neno mwigizaji wanamfikiria mtu aliyekosa skuli.

Aliandika pia. Mwaka 1980 ilichapishwa Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoitoa katika hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal. Ni kisa cha mzee mmoja anayeletewa hawala na jamaa yake aliyeko Ulaya. Hana kazi, hana kitambulisho cha kuchukulia fedha, na habari ikishaenea kila mtu anakuja kukopa. Nani kati yetu hakijui kisa hicho? Nyumba ngapi za Unguja na Pemba zinangoja hawala ya Muscat au London, na majirani wameshazihesabu fedha kabla hazijafika? Mwaka 1982 ikatoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na wanawake wenzake wawili, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, tamthilia moja. Sisi tulio watatu tunajua kazi iliyopo hapo, maana hata kukubaliana rangi ya kanga za sare hutuchukua wiki.

Kwenye filamu alikuwamo katika Arusi ya Mariamu, iliyotoka mwaka 1985. Jina linavutia mabibi harusi, lakini hamtakuta humo vifijo vya ukumbini. Mariamu ni mke mgonjwa ambaye tiba ya hospitali haijamfaa, na safari yake inampeleka kwa mganga wa jadi, naye ana hofu zake za tangu zamani. Sisi kuhusu waganga tuna msimamo wetu, na dini yetu imetuwekea mipaka iliyo wazi. Lakini swali la filamu lile tunalielewa vizuri: mwanamke akiwa ndani ya ndoa na anaumwa na kitu ambacho hawezi kukieleza, nani anakaa chini na kumsikiliza?

Kisha ikaja Maangamizi, mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo za Oscar. Humo Bi Lihamba anaigiza Samehe, mwanamke aliyeko hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye amekaa miaka mingi bila ya kusema neno kwa sababu ya aliyoyashuhudia utotoni. Daktari mwanamke, Mmarekani mweusi, anakuja kumtibu. Yamo humo mambo ya mizimu, na msimamo wetu ni ule ule. Tunachotaka mkitazame ni kile kimya.

Fikirini. Mwanamke huyu ilipotoka filamu alikuwa na umri wa miaka 57. Alikuwa ameshaandika, ameshafundisha, ameshasimama kwenye mikutano ya wasomi. Kazi yake yote ilikuwa ni maneno. Na nafasi aliyopewa ni ya mtu asiyesema. Mwigizaji wa namna hiyo hana pa kujificha, hana mistari mizuri ya kumsaidia. Lazima uso, mabega na mikono viseme kilichomo ndani. Ukimtazama Samehe unaona kwamba kimya chake kimejaa. Huwezi kukichukua ukasema, "Haya, hana neno."

Na hapa ndipo kazi yake ya jukwaani inapokutana na maisha ya mabinti zetu. Katikati ya miaka ya 1990, yeye na Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua kama Profesa Penina Mlama, walianzisha mradi ulioitwa Tuseme. Uliingia kwenye skuli za sekondari, kwa wasichana. Wanafunzi wenyewe wanataja yanayowazuia kusoma: mwalimu anayewasumbua, kazi za nyumbani zisizokwisha, mimba, wazazi wanaoharakisha kuwaoza, aibu ya siku za hedhi. Wanayachambua, kisha wanayatengenezea igizo, ngoma au nyimbo, na kuyaonyesha mbele ya walimu na wenzao. Baada ya onyesho watu hawaondoki. Wanakaa, wanajadili lifanyike nini. Baadaye shirika la FAWE liliichukua njia hiyo na kuipeleka nchi nyingi za Afrika.

Mnaona ujanja uliomo? Msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu wake "unanikosea" uso kwa uso, anaweza kuvaa nafasi ya msichana mwingine wa kwenye igizo akayasema yote. Haya yake imehifadhiwa, na ujumbe umefika. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya chuo kikuu. Ndiyo maana tukawa na kanga zenye majina na mafumbo ya kupigana vijembe uwani. Tofauti ni kwamba kwenye Tuseme fumbo linafumbuliwa hapo hapo, na mwenye kuhusika anatakiwa ajibu.

Sasa tuwape kisa chetu, na mwenyewe katupa ruhusa tukisema, ila jina lake tumeliweka.

Binti wa jirani yetu alimaliza kidato cha sita na akapata nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Tangu sekondari alikuwa kwenye kikundi cha vijana kinachoigiza siku za gulio kuhusu malaria na mimba za utotoni, naye akisimama na mtandio wake watu wanaacha kununua nyanya wanamtazama. Mwaka huo huo ikaja posa. Kijana ni mtu mzuri, anaswali, ana duka la vifaa vya ujenzi, na binti mwenyewe tulijua anampenda.

Siku ya kuja kujibiwa, mashangazi wa kijana walisema maneno yao kwa upole kabisa. Kwao hawaoi mtu wa majukwaani. Binti aache chuo cha michezo, akitaka kusoma yapo mafunzo ya ualimu wa chekechea papa hapa Songea, jioni anarudi kwake. Kisha mmoja akamgeukia: "Umesikia, mwanangu?"

Mwari akatazama mkeka. Hakuinua uso. Shangazi akasema, "Haya, kanyamaza, karidhika," na watu wakaanza kunyoosha mikono kusoma Fatiha.

Dada yetu mkubwa akasema, "Samahanini wazee wangu. Sisi ni masomo wa mtoto huyu. Tunaomba Fatiha ya posa isomwe wiki ijayo." Chumba kikapoa kuliko baridi ya nje. Baba mtu alituangalia, akatafuna midomo, kisha akasema, "Wiki moja haiozi."

Tukamchukua binti kwetu. Siku ya kwanza tulichoma mahindi, tukamwuliza, hakusema kitu zaidi ya "sawa tu". Neno "sawa tu" kila somo analijua, na kila somo analiogopa. Siku ya pili mdogo wetu, aliyesoma bara na kuijua Tuseme, akamwambia: "Usitwambie. Tuonyeshe. Igiza siku ile ilivyokuwa."

Binti akacheka, kisha akachukua kanga akajitanda, na palepale akawa shangazi, na kikohozi chake na bangili zake. Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi. Akawa baba yake, anakuna ndevu na kuhesabu gharama kimoyomoyo. Akawa kijana, amekaa mlangoni hajui mikono aiweke wapi. Halafu akaja mahali pake mwenyewe. Akakaa, akatazama mkeka. Tukangoja. Akaendelea kutazama mkeka. Hakuna aliyecheka tena.

Baada ya muda akasema, "Hapa ndipo sina maneno." Na baada ya kusema hivyo maneno yakaja. Anamtaka yule kijana. Anataka na masomo. Hataki nafasi za kumvua mtandio wala za kushikana na wanaume, na hilo amelikataa tangu kwenye kikundi. Alichoogopa siku ile ni kwamba akitaja kimoja atanyang'anywa kingine, basi akaona bora asitaje chochote.

Tuseme hapa kwa adabu, maana ni jambo la dini na kuna watakaotukumbusha. Ndiyo, tumefundishwa kwamba bikira huombwa idhini yake katika ndoa, na haya ikimzuia kusema, kunyamaza kwake huwa ndiyo idhini. Lakini tazameni mpangilio wake: kuomba idhini kumetangulia. Mtu ameulizwa kwanza, kwa jambo linaloeleweka, na kunyamaza kwake ni kwa haya ya furaha. Hiyo ni rehema aliyowekewa binti ili asilazimike kusema mbele ya wanaume kwamba anamtaka mwanamme. Kuichukua rehema hiyo ukaifanya kufuli, kwamba kila utakalomwekea asipojibu amekubali, hilo sisi hatukufundishwa. Imamu wa hapa tuliyemwendea alitueleza hivyo hivyo, na akaongeza kwamba dalili za mtu asiyeridhika zinajulikana, na anayeziona akazifumbia macho ataulizwa.

Wiki ilipofika, waume zetu walikwenda pamoja na baba wa binti na yule imamu kukutana na kijana mwenyewe. Kumbe kijana hakuwahi kuambiwa kwamba binti anataka kwenda chuo. Aliambiwa ameshaacha kwa hiari yake. Wakazungumza muda mrefu. Alikuwa na mashaka yake na aliyasema: watu watasemaje dukani, na Dar es Salaam ni mbali, na filamu za siku hizi anazijua. Hatumlaumu, mashaka hayo tunayo na sisi. Mwishowe wakakubaliana nikaha iwe baada ya mwaka wa kwanza wa masomo, na masharti yaandikwe: atamaliza chuo, ataigiza kwa stara na kwa mipaka ya dini, na kazi yoyote ya filamu wataijadili wawili kabla hajasaini. Masharti ya ndoa ni amana nzito, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba ndiyo yanayostahili zaidi kutimizwa.

Fatiha ikasomwa. Shangazi mmoja hakuja, na mpaka leo salamu tunapeana njiani lakini chai kwake bado hatujainywa. Ndoa yenyewe in shaa Allah ni baada ya likizo inayokuja. Hatujui itakuwaje. Ndoa ni ndoa, na masharti mazuri kwenye karatasi hayachoti maji. Tunachojua ni kwamba binti huyu ataingia nyumbani kwake akiwa ameshasikika mara moja, na mume wake anajua anamuoa nani.

Basi kwa mabibi harusi wetu, tuna machache ya kuwaachia.

Ukitaka kuendelea na kazi yako, iwe kuigiza, kushona, kufundisha au kuuza vitumbua, liseme kabla ya posa kujibiwa. Kama huwezi kulisema, mtafute wa kukusemea: somo, bibi, khalati. Na kama huwezi kulisema hata kwa somo, lionyeshe, liandike, litie kwenye fumbo, lakini litoke.

Ukiwa mwigizaji, weka mipaka yako mwenyewe mapema, usingoje kuwekewa na mume au na mwongozaji wa filamu. Tunapoitazama orodha ya kazi za Bi Lihamba tunaona kazi zenye sababu: mke mgonjwa asiyesikilizwa, mwanamke aliyenyamazishwa na maumivu, mzee aliyezungukwa na wakopaji, wasichana wa skuli. Jina la mwigizaji linajengwa na anachokubali na anachokataa.

Na kwenu mama zetu, shangazi zetu na masomo wenzetu: ulizeni mara ya pili. Mwulizeni akiwa peke yake, wageni wameshaondoka, mlango umerudishwa. Mwulizeni jambo moja moja, "Unamtaka huyu?" iwe peke yake, na "Unakubali kuacha hili?" iwe peke yake, kwani mengi tunayoyapata kwa pamoja tunayapata kwa sababu mtoto hakujua ajibu lipi. Akijibu "sawa tu", mpikieni chai na mngoje.

Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa, Women Writing Africa cha Afrika ya Mashariki, kilichokusanya maneno ya wanawake wa eneo letu kwa karne tatu, na Bi Lihamba alikuwa mmoja wa wahariri wake pamoja na Bi Saïda Yahya-Othman. Mwana Kupona wetu yumo humo, yule mama mgonjwa aliyemwachia bintiye usia wa kuingilia maisha ya ndoa. Miaka zaidi ya 150 imepita na usia wake bado tunausoma kwa sababu kuna mtu aliyeyahifadhi maneno yake. Tunajiuliza mara nyingi bintiye naye angejibu nini, kama angeulizwa.

Mola awaongoze mabinti zetu kwenye waume wema, awape waume zao masikio, na atujaalie sisi masomo tuwe amana juu ya siri tunazopewa. Amin. Wabillahi tawfiq.